Mpunga Uliokuwa Ukimkimbia Koko Venansia

Siku niliyoaga kazi, vijana wangu, mlinipa saa ya ukutani. Nawashukuru. Inapendeza, nimeitundika sebuleni juu ya picha ya harusi ya Aline, na mpaka leo sijajua niifanyie nini. Miaka yote niliyofanya kazi na mpunga sikutazama saa, maana aliyeniamuru alikuwa ua la mpunga. Jua likipanda na umande ukikauka, ua linafunguka. Ukienda kumimina chai na kurudi, limeshajifunga, na kesho halifunguki tena. Ninyi mnaoingia sasa kwenye chumba cha mbegu pale kituoni Kamukuzi, mjini Mbarara, mna simu za kuwakumbusha kila kitu, lakini ua halina simu. Ndiyo maana nimeona niwaandikie haya.

Wengine wenu hamnijui. Mimi ni Mama Aline, nilitoka Kongo, Kivu Kusini, nikapokewa kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, na kabla ya mpunga nilikuwa fundi cherehani. Kituo cha utafiti kilipotafuta mikono ya kuchavusha maua, hawakutuuliza shule. Walituweka ndani ya banda lenye mwanga hafifu, kila mmoja na sindano na uzi mweusi, watazame nani ataupitisha uzi bila mkono kutetemeka. Nikapita. Sifa nyingine sikuwa nayo ila udadisi, na huo hawakuuliza. Marehemu mume wangu alikuwa akisema mimi nikizikwa nitauliza nani amechimba kaburi na kwa nini amelielekeza huko.

Aliyenifundisha ni Mzee Melkiori, Mrundi, mtu wa misa kila asubuhi na utani mchana kutwa. Alinieleza kwamba ua la mpunga lina dume na jike ndani ya ganda moja, na hujioza lenyewe, hufunga ndoa bila kumwalika mtu. Ukitaka kulioza kwa mpunga mwingine, lazima uwahi jioni ya kuamkia siku ya kufunguka. Unakata ncha ya ganda kwa mkasi mdogo, unatoa vifuko sita vya chavua kwa kibano, bila kugusa kile kinyoya cha jike kilicho katikati, halafu unalivika suke lote mfuko wa karatasi. Asubuhi ua linapofunguka unaleta suke la baba na kulitikisa juu yake taratibu. Mimi siku ya kwanza nilifanya yote vizuri, nikamshika baba, nikainama ili nione chavua ikishuka, nikapiga chafya. Chavua yote ikaenda na upepo.

Melkiori aliniangalia kwa huruma ya msibani. "Weye mama," akasema, "miye nilikupa bwana harusi, na weye umemfukuza kwa pua."

Tangu hapo nilifunga kitambaa puani, na ninyi mfunge. Msivae vitenge vya mikono mipana, vinabeba chavua kutoka mstari huu hadi ule na kuwaharibia kazi ya msimu mzima. Kaeni juu ya ndoo iliyofunikwa, viwiko juu ya magoti, mkono utatulia. Na kifuko cha chavua hakivutwi, kinainuliwa. Melkiori alinipiga kofi dogo la mkono kila nilipovuta, na alikuwa na haki.

Enzi hizo mkitaka kujua mtoto wa mpunga amerithi nini, mlisubiri. Mnapanda, mnamwagilia, mnafukuza ndege, mnangoja akomae, ndipo mnamshika suke na kumpima. Halafu akaja Daktari Kansiime na vichupa vyake. Daktari ni Munyankore, mwenyeji wa huku, baba yake alikuwa askari, akakulia kambi ya jeshi ya Makenke, na Kiswahili chake ni cha kambini hasa. Alikata kipande cha jani, akakisaga, akamimina dawa hii na ile, mwisho akaniwekea mbele ya macho kichupa chenye kitu kama maji.

"Vinasaba iko hapa ndani," akasema. "Habari yote ya mpunga iko hapa."

"Mimi sioni kitu, Daktari."

"Hata mimi hapana ona. Lakini iko."

Nilimpenda palepale. Nilikuwa nimezoea wasomi ambao wakikosa kuona wanakunja uso ili ufikiri wewe ndiye kipofu. Huyu alicheka, akanivuta kiti, akanionyesha michoro yake mpaka chai ikapoa, na ilikuwa chai nzuri ya maziwa ya Bwizibwera, si ya kuachwa ipoe.

Lakini mikono na vichupa ni nusu ya kazi. Nusu ya pili nilifundishwa na mpunga wa Koko Venansia.

Koko ndivyo sisi Wakongo wa kule kwetu tunavyomwita bibi mzee. Huyu shamba lake lilipakana na mashamba yetu ya majaribio, bondeni kule Nakivale, karibu na ziwa. Alipokimbia kutoka bonde la Ruzizi aliacha mbuzi, akaacha masufuria, lakini mbegu ya mpunga wa mama yake aliishonea kwenye upindo wa kitenge alichovaa, akatembea nayo. Punje zake ni fupi, zenye harufu nzuri, na zikichemka hakuna jirani anayehitaji kualikwa. Dada yake aliyebaki nyumbani alimwambia kwa simu kwamba kule mpunga huo umekwisha. Watu walitawanyika, waliporudi wakapanda mbegu walizopewa. Kwa hiyo, kwa kadiri tulivyojua, uliobaki ulikuwa ule wa Koko tu.

Asubuhi moja alikuja mpaka kwenye ndoo yangu, ngumi imefungwa. Akaifungua, ndani mna punje.

"Mama Aline, mupunga yangu inanikimbia."

"Inakukimbia namna gani, Koko?"

"Ninaigusa, inaanguka. Ninaikata, inaanguka. Ndege banakula mingi, bata banakula mingi, mimi ninabeba manyasi. Msimu ulipita ilianguka kidogo. Sasa ni karibu yote. Batu banasema nimerogwa."

Kurogwa hakukumsumbua sana. Kilichomnyima usingizi ni chama cha wakulima wa bonde. Punje zake zilikuwa zikianguka kwenye maji, zinaelea kwenye mfereji, zinaota katika mashamba ya wenzake, na wenzake wamechoka kung'oa. Mwenyekiti, mtu mpole, alikuja kumwambia kwa heshima zote kwamba msimu ujao bonde zima litapanda mbegu mpya, na mpunga unaomwagika utang'olewa. Koko alinieleza haya akiziangalia zile punje, hakuniangalia mimi.

"Nikiing'oa, iko wapi ingine?" akauliza. Nikazichukua zile punje, nikampelekea Melkiori.

Melkiori alidhani anajua. Alinichukua hadi ukingo wa ziwa, kwenye matete, akanionyesha mpunga mwitu, akasema huu ndio umeoana na wa Koko. Kama hamjauona, nendeni mkauone. Ni mrefu kupita mtu, punje zake zina ndevu ndefu nyekundu, na ukilisogelea suke kwa kikapu, nusu ya punje ziko majini kabla hujalishika. Nilisimama pale na matope hadi magotini nikajiuliza kitu ambacho sijaacha kujiuliza: nani alikuwa mtu wa kwanza kuutazama mmea wenye inda namna hii, akasema, huu nitaulisha watoto wangu?

Nilimuuliza Daktari. Akaacha kazi yake, akaketi.

"Sikiza, Mama Aline. Zamani sana mpunga yote ilikuwa naanguka. Ni kazi yake, nataka mbegu yake ifike chini. Lakini mahali moja-moja kulikuwa na suke moja, kinasaba yake imeharibika kidogo, hapana jua kuanguka. Porini hiyo iko maskini, hapana zaa. Sasa mama anakuja na kisu. Ile naanguka nabaki kwa matope. Ile nashika naenda nyumbani. Mwaka mwingine napanda nini? Ile ilienda nyumbani. Hivyo hivyo, hivyo hivyo, mpaka mpunga yote nasahau kuanguka."

"Kwa hiyo hawakujua wanafanya nini."

"Hapana jua kabisa. Lakini walifanya."

Vijana, nililala na maneno hayo. Sote tunaokula wali tunakula kazi ya wanawake waliobeba nyumbani kile kilichokubali kubebwa. Hakuna aliyewashukuru.

Daktari akachukua majani ya shamba la Koko, akayaingiza kwenye vichupa. Majibu yakaonyesha kwamba Melkiori alikuwa sahihi kwa sehemu. Chavua ya mpunga mwitu ilikuwa imepeperuka kutoka ziwani ikaingia kwenye maua machache ya Koko, na kipande cha ile tabia ya kupukutika kilikuwa kimekaa humo. Harufu ilikuwa bado ipo, wingi wa punje bado upo. Mpunga wa mama yake ulikuwa bado mzima, ila una mgeni ndani.

Hapo wengine wangefunga faili. Mimi na Daktari hatukuweza, kwa sababu hesabu ilikuwa haikai. Mgeni aliingia kwenye mimea michache. Koko hasii mbegu ovyo, anaotesha miche kitaluni na kuipandikiza, na kinachojiotea kati ya mistari anakipalilia. Mmea unaomwaga punje zake shambani hauwezi kufika kwenye mbegu ya Koko, umebaki matopeni, kama Daktari alivyoeleza. Basi kila msimu mimea hiyo ilipaswa kupungua. Mbona inaongezeka? Nani alikuwa anaibeba kutoka matopeni na kuirudisha kitaluni?

"Mimi pia hapana elewa," Daktari akasema, na macho yakamng'aa. Ndivyo nilivyojua tuko wagonjwa wa ugonjwa mmoja.

Nikaomba ruhusa niende kumsaidia Koko kuvuna. Si kupima, kuvuna tu. Tulikata upande mmoja wa shamba, mimi na wanawake wengine wa bondeni, na kweli punje zilikuwa zikitumwagikia miguuni mpaka inaudhi. Miganda ikabebwa kwenye turubai, ikapigwa juu ya pipa, mpunga ukapepetwa, ukaingia magunia. Nikamwambia Koko, sasa nionyeshe ule unaouweka kuwa mbegu. Nilitegemea ataingiza mkono kwenye gunia.

Koko hakugusa gunia. Alichukua lungo lake, ule ungo wa kupepetea, akarudi peke yake shambani, akapiga magoti kwenye mabua, akaanza kuokota zilizoanguka. Wanawake wengine wakageuza nyuso pembeni kama watu wanaompisha mtu anayesali. Nikamfuata.

"Hizo ni za kula, Koko?"

"Hapana. Hii haikulwake." Aliendelea kuokota. "Ile inaanguka yenyewe, udongo iliiomba. Ni yake. Ukikula kitu ya udongo, unaiba. Inarudishwa kwa udongo, ndiyo mbegu. Mama yangu alifanyaka vile, na mama yake."

Nilikaa chini kwenye tuta, matakoni maji tupu. Nilicheka, nikasikia aibu ya kucheka. Kila msimu mwanamke huyu alikuwa akila mpunga unaoshika na kupanda mpunga unaoanguka. Ile njia ambayo bibi zetu wa kale waliitembea kutoka porini hadi jikoni, Koko alikuwa akiirudi kinyumenyume, punje kwa punje, kwa magoti yake, na kwa heshima kubwa.

Kugundua ni raha, kumwambia mwenyewe ndiyo kazi. Nilimleta Daktari, tukakaa kwenye mkeka mlangoni kwa Koko. Daktari alieleza kwa Kiswahili chake, mimi nikimtafsiria pale kilipokuwa cha kambini mno. Koko alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza swali moja.

"Donki, basi, mama yangu alikuwaka mujinga?"

Nilitamani ardhi inimeze. Daktari hakukimbilia kumbembeleza, alifikiri kwanza, na mimi nilimheshimu kwa hilo.

"Koko, kwenu Ruzizi, hii mpunga mwitu ilikuwa karibu ya shamba?"

"Hapana. Kulikuwa mashamba tu. Mashamba mingi, mpaka pahali unachoka kuona."

"Basi kule ile ilikuwa naanguka ni ipi? Ni ile imeiva sana, imejaa, nzito. Mama yako alikuwa napanda mbegu ile imeiva kushinda zote. Hata mimi ningefanya hivyo. Hapa ziwa iko karibu, mpunga mwitu iko karibu. Mama yako hapana kosa. Ni mahali imebadilika."

Koko alitazama mikono yake. Mtu aliyehama nchi anajua vizuri maana ya mahali kubadilika. Alitufungia ndizi za njiani na kutusindikiza hadi barabarani, na nilirudi Mbarara nikiwa na hofu kwamba tumemnyang'anya mama yake na mpunga hatujamrudishia.

Siku mbili tatu baadaye akaniita. Nusu ya shamba ilikuwa bado imesimama. Alinipokea akiwa na uzi mwekundu mkononi.

"Wewe ni fundi ya nguo," akasema. "Tufunge zile zinashika."

Basi tukaingia. Kazi hii mtaifanya maisha yenu yote, kwa hiyo nisikilizeni. Shika suke lililokauka kwa kiganja kizima, finya kidogo kama unavyomshika mkono mtoto wa kuvuka naye barabara, achia. Angalia kiganjani. Zikijaa punje, pita. Zikiwa chache, funga uzi. Zisipotoka kabisa hata ukifinya kwa nguvu, pita pia. Hilo la mwisho alilipigia kelele Melkiori, aliyekuja nyuma yetu na kofia yake. "Huo mutaupiga kwa pipa mpaka mabega yatoke," akasema. Mpunga mwema unashika shambani na kuachia kwenye pipa, na katikati hapo pana nafasi nyembamba ambayo mashine bado haiijui kama kiganja. Daktari naye alikata majani ya kila mmea tulioufunga, akayapeleka Kamukuzi, akarudi na habari ni yupi amemficha mgeni bila kumwonyesha. Hao tukawafungua uzi. Bila vichupa vyake tungewabeba tena bila kujua.

Chama cha wakulima kilikubali kusubiri. Walimhamishia Koko shamba la mwisho wa mfereji, ambako maji yakitoka hayapiti kwa mtu, na mwenyekiti mwenyewe alimsaidia kubeba miche.

Lakini zile zilizoanguka? Kuzipanda hawezi tena, kuzila ni wizi. Nilikuwa nimewaza majibu ya kisomi mengi, yote ya kipumbavu. Koko alikuwa ameshaamua. Aliwasha mafiga katikati ya shamba lililovunwa, akabandika sufuria, akaupika mpunga wote alioukusanya chini, akatuita tuule palepale.

"Tunakula hapa, juu ya udongo yenyewe," akasema. "Inaona. Haiko kuiba kama mwenyewe anaona." Akachota kijiko cha kwanza akakimwaga kwenye mabua, tukapiga ishara ya msalaba, tukala. Siku hiyo tulikula mpaka tukashindwa, watu wakabeba mwingine nyumbani kwa majani ya migomba, maana zilizoanguka zilikuwa nyingi. Melkiori alikula sahani ya pili akisema anaisaidia sayansi.

Ikawa ndiyo desturi ya lile shamba. Kila mavuno, tulichokula ndicho kilichoanguka, na kila mavuno sufuria ilikuwa ndogo kuliko ya mwaka uliopita. Ninyi mna mashine za kuchora mistari inayoshuka. Sisi tulikuwa na sufuria ya Koko, na siku Daktari alipoleta mchoro wake akauweka kando ya mafiga, vilikuwa vinasema jambo moja.

Nawaomba kitu kimoja tu. Mkipata majibu kutoka kwenye vichupa na bado hesabu haikai, msirudie vichupa mara ya kumi. Nendeni mkavune na watu, mtazame mkono unaingia wapi unapochukua mbegu.

Mavuno yangu ya mwisho kabla ya kustaafu, macho ya Koko yalikuwa yameshapungua nuru. Aliingia shambani akinishika bega, akapiga magoti, akapapasa udongo kwa viganja. Akapapasa tena. Nikamsaidia kutafuta, na nilichompa hakikujaza kikombe cha chai.

"Ni yote?"

"Ni yote, Koko."

Akaagiza mafiga yawashwe kama kawaida, mpunga ukapikwa kwenye kopo, akaumwagia udongo kijiko chake kwanza, na sisi wengine tukakinga viganja tukapata tonge la kubana kwa vidole viwili. Melkiori akaangalia tonge lake, akaangalia njia aliyotokea.

"Koko, miye nimetoka mbali na tumbo tupu."

"Rudi kwako ukakule," Koko akamwambia, machozi yakimtiririka na meno yote nje. "Mupunga yangu imekataa kuanguka."

Tulirudi na njaa siku ile, wote. Sijawahi kuifurahia njaa namna hiyo.